AI imejaribiwa wapi, na nani? Maelezo kwa sisi wa Kanda ya Ziwa

Vijana wengi hapa Mwanza ukiwaambia AI (akili mnemba) bado haijawatendea haki watu wa huku watakucheka, na wana sababu, maana wameshika simu wakaiuliza kitu kwa Kiswahili na imewajibu fasta tena kwa Kiswahili kilichonyooka, imewaandikia barua ya kuomba kazi, imewafanyia asaimenti za chuo (tusitajane majina), sasa unawaambia nini tena. Mi naona mkanganyiko wote unaanzia hapo. Watu wanadhani AI kuwa ya haki ni suala la lugha tu, lugha ikishaingia basi mambo yameisha. Hayajaisha, na hata hiyo lugha yenyewe haijaingia kama tunavyodhani.

Swali ambalo limenisaidia mimi kuelewa hii mada kuliko "je inajua Kiswahili" ni hili: hiki kitu kimejaribiwa wapi, na nani alikuwa anasahihisha? Ukilishika hilo swali mambo mengi yanayosemwa kwenye habari za AI yanaanza kukaa sawa.

Tuanze na muhogo maana ndo mfano mzuri kuliko yote niliyosoma, na unatuhusu moja kwa moja. Huku kwetu muhogo unasumbuliwa na magonjwa mawili makubwa, batobato na michirizi ya kahawia, yote ya virusi, yote yanasambazwa na nzi weupe wale wadogo wanaokaa chini ya jani, na pia kwa pingili, yani unaomba mbegu kwa jirani kwa nia njema kabisa kumbe imeshaugua. Batobato angalau inajionyesha, jani linajikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ndo mtihani, mmea unaweza kuonekana mzima kwa juu alafu siku ya kuvuna unakuta mzizi umeoza ndani una madoa ya kahawia, na shamba zima limeenda hivyo.

Sasa mwaka 2017 watafiti wa chuo cha Penn State cha Marekani na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walichapisha kazi ya kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia picha ya jani. Na hapa huwezi kusema data ilitoka Ulaya, picha zilipigwa Tanzania hapahapa, kwenye mashamba ya majaribio kule Bagamoyo, picha 2,756, na walipoipima kwa picha ambazo haikuziona wakati wa kujifunza ikapata usahihi wa asilimia 93. Ukisoma hapo unasema safi, tatizo limekwisha, tugawe simu.

Ila wale watu, na nawaheshimu kwa hili, hawakuishia hapo. Waliiweka kwenye simu wakaipima kwa picha na video za shambani, wakachapisha 2019 kwamba uwezo unashuka, hasa kwenye majani yenye dalili ndogondogo. Alafu 2020 ikatoka kazi nyingine iliyoipima apu yenyewe, inaitwa Nuru, inafanya kazi hata bila intaneti, dhidi ya watu. Kwa jani moja ilipata asilimia 65. Kutoka 93 mpaka 65, si mchezo. Lakini kwenye kazi hiyohiyo mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58, na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31, yani apu pamoja na kuporomoka kwake bado ilikuwa juu ya binadamu hao. Na walipoangalia majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, apu ikapanda mpaka kati ya 74 na 88.

Angalia kilichotokea hapo. Dawa iliyoleta nafuu haikuwa kompyuta kubwa zaidi wala mapesa, ni kumwambia mtu apige majani sita. Na hilo lisingejulikana kama wangeridhika na ile 93 ya kwanza. Ndo maana nasema kujaribu mahali husika ni nusu ya kazi yenyewe, wengi wanaifanya iwe kitu cha mwisho cha kumalizia ripoti. Na mimi bado ningeuliza zaidi: aina za mihogo zinazolimwa Sengerema na Misungwi zinaonyesha dalili sawasawa na zile za pwani? Maana dalili za michirizi zinabadilika kulingana na aina ya muhogo, hilo linajulikana, na kituo cha Ukiriguru kiko hapo jirani kabisa kikifanya utafiti wa mihogo na pamba, wangeweza kukuambia wiki hiyohiyo kama apu inakosea. Wenzetu wa Makerere kule Uganda walikwenda njia hiyo, walikusanya picha 21,367 za majani, nyingi zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani kwao, zikakaguliwa na wataalamu wa magonjwa ya mimea wa hukohuko Uganda, alafu wakaziweka wazi dunia nzima ishindane kutengeneza modeli nzuri, yani programu iliyojifunza kutokana na hizo picha. Nzi weupe hawana pasipoti so hiyo data inatufaa na sisi wa upande huu.

Kitu cha pili cha kukifungua ni wastani. Wastani unaficha watu. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua kama sura ni ya mwanaume au mwanamke, na kwa wanaume weupe kosa kubwa kabisa lilikuwa asilimia 0.8 ila kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Ukichanganya wote na ukapata namba moja nzuri, huyo mwanamke kapotea humo ndani. Na sababu si kwamba kuna mtu alikaa akapanga kumuonea, ni kwamba picha za kufundishia na za kupimia zilijaa watu wa aina moja, kwahiyo hakukuwa na kitu cha kuwashtua. Hifadhi maarufu ya picha ya ImageNet, iliyofundishia mashine nyingi za kutambua picha, zaidi ya asilimia 45 ya picha zake zilitoka Marekani, wakati China na India na mabilioni yao yote ya watu walichangia kama asilimia 3 hivi kwa pamoja. Afrika utaitafutia wapi hapo.

Matokeo yake yanachekesha na yanakera kwa wakati mmoja. Watafiti wa Facebook walijaribu 2019 mashine za kutambua vitu kwa kutumia picha za majumbani kutoka nchi mbalimbali, nyumba za wenye nazo na za wasionazo. Sabuni ya maji kwenye chupa ya kubonyeza ya Uingereza, inatambulika. Sabuni ya kipande kutoka Nepal, mashine inasema hicho ni chakula. Sasa nenda jikoni kwako Mabatini au Igoma, kuna mche wa sabuni, kuna jiko la mkaa, ungo, kinu, dumu la maji lililokatwa juu. Mashine haijui, na kinachotisha zaidi ni kwamba haikuambii sijui, inakupa jibu kwa kujiamini.

Haya, tuje kwenye lugha sasa, maana najua ndo mlikuwa mnaisubiri.

Hizi modeli za kuongea zinajifunza kwa kusoma maandishi mengi sana yaliyokusanywa mtandaoni. GPT-3 ya kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliyotoka 2020 na kutangulia hizi tunazotumia leo, karibu asilimia 93 ya maneno iliyosomeshwa yalikuwa ya Kiingereza, lugha nyingine zote duniani zikagawana hiyo saba iliyobaki. Kiswahili kinazungumzwa na watu zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, lakini Kiswahili chetu kiko wapi? Kiko kwenye daladala, kiko redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye voisi noti za dakika saba za mashangazi, na hivyo vyote havisomeki na mashine inayokusanya kurasa za wavuti (na kwa upande wa WhatsApp nashukuru Mungu). Kinachosomeka ni magazeti, matangazo ya serikali, maandiko ya dini, Wikipedia. Ndo maana AI inaongea Kiswahili kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Si kosa lake, hajawahi kusikia mtu akipatana bei ya sangara.

Alafu kuna uchafu. Watu wanadhani data ikiwa nyingi basi ni nzuri. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo wa jumuiya ya Masakhane ambayo imekuwa ikisukuma lugha za Kiafrika tangu 2019, walichapisha ukaguzi wa mafungu 205 ya data za lugha mbalimbali zilizokuwa zinatumika dunia nzima, wakakaa kusoma sentensi kwa macho yao. Angalau mafungu 15 hayakuwa na maandishi yanayofaa hata kidogo. Limeandikwa lugha fulani nje, ndani ni takataka za kompyuta au lugha nyingine kabisa. Na modeli zilikuwa zinafundishwa hivyohivyo miaka yote hiyo kwa sababu hakuna mtu anayeijua lugha husika aliyewahi kufungua faili akaangalia. Hapo unaona ni swali lilelile, nani alisahihisha.

Kuna jambo jingine ambalo watumiaji wa kawaida hawalioni kabisa, nalo ni jinsi mashine inavyokata maneno. Modeli haisomi neno zima, inalikata vipande, na vipande hivyo vilipangwa kwa kuangalia maandishi yaliyokuwa mengi, yani Kiingereza. Kwahiyo neno la kawaida la Kiingereza linapita kama kipande kimoja, ila sisi na vitenzi vyetu vya "hatutawapelekea" tunakatwakatwa, tena pasipo kufuata viungo vya neno. Utafiti mmoja wa 2023 ulionyesha maandishi yenye maana ileile yanaweza kutoa vipande mpaka mara 15 zaidi kwa lugha nyingine. Kiswahili hakiko vibaya kiasi hicho, na modeli mpya zimerekebisha kiasi, lakini tofauti ipo na ina bei, maana kampuni zinawatoza watengeneza apu kwa idadi ya vipande. Chukulia daladala ya Buhongwa kwenda mjini ingekuwa inatoza nauli kwa kila kituo, alafu barabara yako wewe imewekewa vituo mara mbili ya barabara ya mwenzako na umbali ni uleule. Kijana wa Nyakato anayetengeneza chatiboti ya kuwasaidia wenye maduka ya pembejeo analipa zaidi kwa sentensi ileile, na majibu yanachelewa zaidi, na mazungumzo yanajaza kumbukumbu ya modeli mapema zaidi. Hakuna aliyemkusudia yeye. Ndo inavyouma lakini.

Sasa tutoke Kiswahili. Kisukuma ni lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini, mamilioni ya watu, na bibi wa Kwimba ambaye hajasoma anaongea hicho siku nzima. Meta, wenye Facebook, walipotoa modeli yao ya kutafsiri lugha 200 mwaka 2022, Kijaluo kilikuwemo, Kiganda kilikuwemo, Kinyarwanda na Kirundi vilikuwemo. Kisukuma hakikuwemo. Ukizunguka ziwa lote unaona wenzetu wamepanda boti sisi tumebaki gatini. Kwa idadi ya watu haieleweki, Wasukuma ni wengi. Maoni yangu ni kwamba lugha inaingia pale inapokuwa na watu waliokaa chini kuiandika na kuikagua: Kijaluo na Kiganda tayari vilikuwa kwenye lugha 10 za kwanza za data ya MasakhaNER ya 2021, ambapo wazungumzaji wenyewe walikaa kuweka alama hili ni jina la mtu, hili ni la mahali, hili ni la taasisi. Kazi ya kuchosha, haina mbwembwe. Sisi tuna Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza, na tuna vyuo mjini hapa, na bado.

Hata majina tu. Mtu anaitwa Ng'wandu, anakwenda ofisi moja kujisajili, mfumo unakataa ule mkato wa juu, karani anaandika Ngwandu ili mambo yaende, kwenye kitambulisho kingine iko na mkato, na siku mashine ikilinganisha hayo majina mawili inasema ni watu wawili tofauti. Kidogo hivyo tu, na mafao ya mzee yanakwama.

Sauti nayo ina yake. Kwa watu wengi wa huku sauti ni muhimu kuliko maandishi, maana mvuvi au mama anayeanika dagaa hana muda wala mikono mikavu ya kuchapa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wa kujitolea, unasoma sentensi, mwingine anasikiliza anathibitisha, Kiswahili kimo na Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000, ambayo ni kazi kubwa mno. Ila kusoma sentensi ukiwa umetulia ni tofauti kabisa na kuongea pale mwaloni Kirumba, injini zinalia, watu wanaitana, na mama anaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma ambapo r na l zinabadilishana nafasi, alafu katikati anaweka Kisukuma chenyewe, na bei anataja kwa namna yake. Fikiria kijana anamwekea simu mdomoni anamwambia mama ongea hapa, mama anacheka, "mwanangu nimesema mara tatu, huyu mtu wako hasikii?" Na mpita njia atasema mama ndo hajui kutumia. Hapana bana. Kama programu inatangazwa ni ya wafanyabiashara wa samaki basi ipimwe mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi, kwa simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka.

Meta tena mwaka 2023 walitoa mashine ya sauti ya lugha zaidi ya 1,100, na chanzo kikubwa cha sauti zao kilikuwa watu wakisoma Agano Jipya. Ni akili nzuri kwa kweli, hamna kitabu kingine kilichosomwa kwa lugha nyingi hivyo. Lakini wasomaji wengi walikuwa wanaume, na lugha ni ya maandiko. Mashine iliyofundwa hivyo inaweza kuelewa mfano wa mpanzi vizuri sana ikashindwa mwanamke anayeeleza kwamba mtoto anaharisha tangu jana.

Tumeongelea kufundisha, turudi kwenye mtihani wenyewe. Kampuni zinapotangaza modeli yetu imepata alama kadhaa, mara nyingi mtihani ni ule unaoitwa MMLU, masomo 57, na humo kuna historia ya Marekani ya sekondari, kuna sheria za Marekani. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa Kiafrika na wenzao walitoa IrokoBench, wakachukua mitihani ya aina hiyo na kuitafsiri kwa mikono ya binadamu kwenda lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na ikaonekana modeli ileile, swali lilelile, alama zinashuka vibaya ukitoka Kiingereza. Hii ilikuwa kazi muhimu, ilinyamazisha wale wa "inajua lugha zote".

Lakini hata mtihani uliotafsiriwa una kasoro, umebaki na maswali ya kule. Modeli inaweza kupata 80 kwa Kiswahili kwenye maswali ya katiba ya Marekani na isijue mwanakijiji wa Magu anapataje hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mimi nimeshaona ikijibu suala la halmashauri zetu kwa kutaja kaunti, kwa Kiswahili safi kabisa, kwa sababu Kiswahili ni chetu wote na Wakenya wameandika zaidi mtandaoni. Asiyejua ataenda kwa mtendaji wa kata kuuliza habari za gavana. Kwahiyo tunahitaji mitihani iliyotungwa huku, maswali ya wakunga, ya maafisa kilimo, ya mabaraza ya kata, na majibu yaliyothibitishwa na watu wa kazi hizo. Hilo haligharimu kama kutengeneza modeli. Maswali mia tano mazuri yaliyotungwa na watu wanaojua kazi yao yanaweza kuibana kampuni kubwa kuliko malalamiko ya miaka mitano.

Nimeacha ziwa kwa makusudi mpaka hapa kwa sababu ndo sehemu ambayo haki ya AI haina uhusiano na lugha kabisa, ni suala la nani anazama. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ziwa letu linachukua watu 3,000 mpaka 5,000 kwa mwaka, na dhoruba ni moja ya sababu kubwa. Usiku maji yanabaki na joto wakati nchi kavu imeshapoa, upepo unatoka pande zote za pwani kuelekea katikati, unakutana huko, hewa yenye unyevu inapanda na radi zinaanza, mara nyingi usiku wa manane mpaka alfajiri. Na wavuvi wa dagaa wako huko saa hizohizo, tena usiku wa giza ambao mwezi haupo, maana dagaa wanavutwa na taa.

Mwaka 2023 zikaja modeli za AI za utabiri wa hewa zilizoshangaza dunia, GraphCast ya Google DeepMind na Pangu-Weather ya Huawei. GraphCast ilishinda mfumo bora wa Ulaya kwenye asilimia 90 ya vipimo 1,380. Nzuri sana, na inaendeshwa kwa dakika chache. Lakini uliza lile swali letu. Ilifundishwa kwa kumbukumbu ya hewa ya dunia inayoitwa ERA5, na ikasahihishwa kwa kulinganishwa na ERA5 hiyohiyo. ERA5 inachanganya vipimo halisi vya vituo, maputo na setilaiti na hesabu za kompyuta zinazojaza palipo wazi. Ulaya vituo vimebanana. Katikati ya ziwa hili nani ana kituo? Kwahiyo kwa sehemu yetu majibu yaliyotumika kusahihisha nayo kwa kiasi kikubwa ni makadirio ya kompyuta, na kila mraba una upana wa kilomita kama 28, kisiwa kizima cha Ukerewe kinaingia kwenye miraba michache, wakati wingu la radi linalozamisha mtumbwi linaweza kuwa dogo kuliko mraba mmoja. Ukisikia asilimia 90, jua wingi wa hiyo tisini haukupimwa kwa mtumbwi wa visiwa vyetu vya Ghana au Goziba.

Kilichosaidia huku zaidi hakikuwa cha kushangaza. Mradi wa HIGHWAY wa shirika la hali ya hewa duniani, kati ya 2017 na 2021, ulitumia vyombo vilivyopo kama rada ya Mwanza, ukaunganisha mamlaka za nchi za ziwa, na ukakaa na wavuvi wenyewe kuuliza utabiri uandikweje ili mtu aelewe, mawimbi yakoje, upepo unatoka wapi, saa ngapi. AI ya ziwa itakayokuja ijengwe juu ya hayo, rada ifanye kazi kila siku na vipimo vihifadhiwe vizuri, maana bila rekodi hakuna cha kuifundisha na, muhimu zaidi, hakuna cha kuisahihishia.

Mwisho kuna pesa na umiliki, na hapa watu wa teknolojia huwa wanapita haraka. Kazi ya kusafisha AI inafanywa na Waafrika tayari. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wanasoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili ChatGPT ijue kuyaepuka, mkononi walikuwa wanapata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Yani tumo ndani ya mnyororo, ila kwenye kiungo cha chini kabisa. Kujumuishwa kwa namna hiyo sisi hatukutaki.

Mwanza si wageni kwenye kutoa data. Kule Kisesa wilayani Magu watu wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti wa VVU tangu 1994, kaya kwa kaya, na matokeo yamesomwa dunia nzima. Ila kuchukua damu ya mtu kuna utaratibu, kuna fomu ya ridhaa, kuna kamati ya maadili, kuna kuirudishia jamii majibu. Sauti ya mtu na picha ya shamba lake inachukuliwa kwa kubonyeza "nakubali". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na inakupa haki ya kutaka taarifa zako zifutwe. Faili linafutika. Lakini modeli ikishafundishwa kwa sauti yako kuitoa humo ni kazi ngumu sana, mpaka sasa njia ya uhakika ni kuifundisha upya bila hiyo sauti, na hakuna kampuni itakayotumia mamilioni ya dola kwa ajili ya sauti ya mama mmoja wa Kirumba.

Wamaori wa New Zealand waliliona hilo mapema. Redio yao ya Te Hiku mwaka 2018 ilikusanya zaidi ya saa 300 za sauti kwa siku 10 tu, watu walijitokeza kwa sababu wanaiamini redio, na walipotakiwa kuiuzia kampuni ya nje walikataa, wakaandika laiseni yao wenyewe inayosema data ni ya jamii na matumizi yake lazima yainufaishe jamii. Wakatengeneza mashine yao ya kutambua sauti. Redio zinazoaminika na Wasukuma tunazo, wazee wanaojua kusema tunao, vijana wanaojua kompyuta wamejaa Nyegezi pale. Nikiulizwa tuanze wapi ningesema kliniki za mama wajawazito na vyama vya msingi vya pamba, Kisukuma kinachoongewa huko, wanawake wawe nusu au zaidi, na kabla hajarekodiwa mtu hata mmoja karatasi iandikwe: nani anazitunza hizi sauti, nani anaruhusiwa kuzitumia, na mtu wa nje akitaka analipa nini na kwa nani.